Hema la juu ya gari, trela au karavani: kipi kinafaa safari za porini huku kwetu

Mtu anayetaka kununua karavani ya porini kwa kawaida huanza kwa kuuliza ipi ni imara kuliko zote. Wauzaji wanalipenda swali hilo, maana lina majibu mengi na kila jibu lina picha yake nzuri: karavani imepanda jabali, tairi moja liko hewani, nyuma jua linazama. Kuna swali linalopaswa kutangulia, nalo halina picha. Ukiwa safarini, unahama kambi kila baada ya siku ngapi?

Anayelala Tarangire leo, kesho Natron, keshokutwa Serengeti, hana haja na karavani hata akipewa bure. Kila asubuhi atafungasha, atafunga minyororo, atachomeka waya za taa. Kila jioni atafungua vyote tena, na mchana kutwa atakuwa anavuta nyumba asiyoikalia. Mwingine anakwenda Ruaha, anapiga kambi kando ya mto wiki nzima, yuko na watoto wawili na mama mkwe. Huyo ukimpa hema la juu ya gari umemfunga miguu, kwa sababu kila akitaka kwenda kuangalia simba inabidi akunje nyumba kwanza.

Nalinganisha njia nne, kwa macho ya mtu anayeishi Tanzania au Kenya, mwenye Land Cruiser, Prado au Hilux lenye difu mbele na nyuma, anayetaka kufika Katavi, Marsabit au Loiyangalani na kurudi nyumbani na kila alichoondoka nacho.

Ya kwanza ni hema la juu ya gari, lile linalokunjuliwa juu ya keria. Hema lenyewe lina uzito wa kilo 50 hadi 80 na gari linabaki na urefu wake. Ya pili ni trela ya kambi: boksi la chuma la magurudumu mawili, jiko linavutwa ubavuni, hema limefungwa juu. Ya tatu ni karavani ndogo za Afrika Kusini, za akina Conqueror, Echo 4x4 na Bush Lapa. Zina kuta ngumu au paa la kunyanyua, na kitanda kimetandikwa muda wote. Ya nne ni karavani kubwa za Australia, mfano Bushtracker na Kedron, zenye choo na bafu ndani, mara nyingi ekseli mbili.

Karavani za porini zimekulia katika nchi hizo mbili, na kila moja imeumbwa na barabara za kwao. Mwaustralia anavuta maelfu ya kilomita kwenye barabara pana zilizonyooka, anakaa nje miezi, na gari lake linaruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500, mradi trela iwe na breki zake. Msauzi anavuka mipaka, Botswana, Namibia, Zambia, hadi huku, akijua kwamba kikivunjika kitu kitatengenezwa na fundi wa malori pembeni mwa barabara. Ndiyo maana misafara unayoikuta kwenye kambi za njia kuu ya Iringa, namba za usajili zimeishia na GP za jimbo la Gauteng, Afrika Kusini, imejaa vitu vidogo vizito vya chuma. Yale majumba ya ekseli mbili huyaoni sana huku.

| | Hema la juu | Trela ya kambi | Karavani ndogo | Karavani kubwa |
|---|---|---|---|---|
| Uzito | kilo 50–80, hema tu | tani 1 hivi na mzigo | tani 1.2 hadi 2 na mzigo | tani 2.5 hadi 3.5 na mzigo |
| Kuhama kila siku | rahisi | inachosha | inawezekana | adhabu |
| Kukaa wiki nzima | kero | nzuri | nzuri sana | nyumbani kabisa |
| Upepo na baridi | dhaifu | dhaifu | imara | imara |
| Fundi wa mkoani | hana kazi nalo | anaiweza | anaweza sehemu kubwa | vipuri vya kuagiza |

Uzito ndio unaoamua

Kwenye bamba la karavani kuna namba mbili zinazokuhusu: uzito ikiwa tupu, na uzito wa juu unaoruhusiwa ikiwa imejaa. Ukitoa ya kwanza kwenye ya pili unapata mzigo wako. Wengi huangalia namba ya kwanza peke yake, wakafurahi kwamba "ni kilo elfu moja na kidogo tu, Prado inavuta".

Chukua karavani ndogo yenye kilo 1,150 tupu na kikomo cha kilo 1,650. Una kilo 500 za kujaza, na zinasikika nyingi. Sasa pakia. Maji lita 100 ni kilo 100. Mitungi miwili ya gesi ya kilo 15, ukijumlisha na chuma chake, inafika 60. Friji na vyakula, 65. Tairi la akiba la pili, 35. Turubai la kivuli, 25. Zana na jeki, 30. Viti, meza, sufuria na vyombo, 45. Nguo na matandiko ya watu wanne, 60. Madebe mawili ya dizeli ya lita 20, kama 42. Jumla ni kilo 462. Zimebaki 38, na bado hujaweka kreti la soda, mkaa, viatu vya mvua, wala baiskeli ya mtoto. Kwa hiyo karavani yoyote yenye nafasi ya mzigo chini ya kilo 400 usiisumbukie, hata kama makabati yake yanang'aa. Makabati mengi kwenye karavani isiyoruhusiwa kubeba ni mtego.

Halafu kuna uzito unaokaa juu ya ndoano ya gari. Kwa karavani za aina hii karibu asilimia 10 ya uzito wote hutakiwa kulala pale mbele. Ukipungua sana, mkia unaanza kuyumba kwenye mwendo. Kwa karavani yetu ya kilo 1,600 ni kama kilo 160, nazo zinahesabiwa kwenye mzigo wa gari, si wa karavani. Yaani kabla hujafunga mlango, watu wazima wawili wameshakaa kwenye bampa la nyuma. Jumlisha tangi la dizeli, abiria, bampa ya chuma mbele na winchi, utakuta Prado imeshamaliza kikomo chake ingawa buti linaonekana tupu.

Sasa ile karavani kubwa. Ni kweli Toyota nchini Australia inaruhusu Land Cruiser ya mfululizo wa 70 kuvuta kilo 3,500. Ila angalia injini. Land Cruiser nyingi za huku, za mashirika na za utalii, zina 1HZ: silinda sita, lita 4.2, haina turbo, nguvu za farasi 130 hivi. Ni injini ya kuaminika sana, kila fundi anaijua, lakini ukiipa tani tatu nyuma halafu ukaielekeza Mlima Kitonga, utapanda na malori, gia ya pili, jicho kwenye geji ya joto. Ukitoka hapo Iringa iko juu, hewa imepungua, na injini isiyo na turbo inakosa pumzi zaidi. Kwa maoni yangu mjadala wa karavani kubwa kwa gari la 1HZ unaishia hapo. Mwenye Land Cruiser 300 au lori dogo aendelee kuifikiria, akijua pia kwamba karavani yenye upana wa karibu mita 2.5 inalazimisha matawi ya miiba ya njia za hifadhini kuandika jina lake ubavuni, pande zote mbili.

Barabara zetu zinavunja nini

Lami imesogea mbali. Isiolo hadi Moyale siku hizi ni lami tupu, Tabora hadi Mpanda vilevile. Kazi inaanzia lami inapoishia, na adui wa kwanza ni ile mikunjo midogo midogo ya barabara ya changarawe, inayofanana na bati la paa. Shimo kubwa unaliona, unapunguza mwendo, unapita. Mikunjo haikuachi: ni kilomita 60, 80, 100 za mtikisiko usiokatika, na kila skrubu ya karavani inasikia. Shokapu zinapata joto mpaka zinavuja. Trela nyingi za bei nafuu hazina shokapu kabisa, zinaachia springi zirukeruke zenyewe. Ukiona hivyo, ama ondoka ama weka gharama ya kuzifunga kwenye bei.

Upande wa springi kuna kambi mbili. Springi za bapa, yaani majani ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, na ekseli moja iliyonyooka ni teknolojia ya zamani, inatikisa zaidi, na vyombo vyako vitagongana. Springi za koili zenye mkono wa kila gurudumu zinalainisha safari sana, makabati yanadumu, hata mayai yanafika. Nikiwa Australia ningechukua za koili bila kufikiri. Huku nachukua za bapa. Jani likikatika Sumbawanga au Isiolo, fundi wa malori atatafuta la kufanana nalo kwenye rundo lake, atakata, atatoboa, na kesho yake unaondoka. Mkono wa koili ukipinda, unasubiri kifurushi kutoka Johannesburg au Melbourne. Springi za upepo ni starehe ya kuitazama kwa wengine.

Magurudumu ni jambo dogo ambalo watu hulipuuza. Land Cruiser za mfululizo wa 70 za miaka ya karibuni zina nati tano kwa gurudumu. Prado na Hilux za kawaida zina nati sita. Hakikisha karavani ina idadi ile ile, mpangilio ule ule na saizi ile ile ya tairi kama gari lako. Hapo matairi mawili ya akiba yanatumikia magurudumu sita yote. Na upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ulingane na wa gari, ili karavani ifuate njia ambayo gari limeshaitengeneza. Kwenye mchanga wa mito mikavu ya Ruaha tofauti ya sentimita 15 kila upande inatosha kukukwamisha, kwa sababu karavani inachimba mifereji yake mipya na injini ndiyo inayolipia.

Udongo mweusi wa mbuga ukilowa, sina ushauri wa kifundi. Usiende na trela ya aina yoyote. Magurudumu ya karavani hayasukumwi na injini, yanajaza tope mpaka kwenye mabawa, na gari linaanza kupelekwa pembeni. Katavi kipindi cha masika ni ya hema la juu ya gari, au ya kusubiri Juni.

Breki nazo zinagawanyika kwa nchi. Afrika Kusini wanatumia sana breki za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, trela inajisukuma mbele kwenye ndoano, na msukumo huo unafunga breki zake. Hakuna kompyuta wala waya. Gari lolote lenye ndoano linaweza kuivuta, jambo la maana sana siku gari lako litakapofia Mto wa Mbu na jirani akakubali kukusaidia. Australia wanapenda breki za umeme zinazoendeshwa kwa kifaa kilichofungwa kwenye dashibodi. Hizi ni bora kwa kushuka, dereva anaamua nguvu, na karavani ikianza kuyumba unaweza kuifunga breki peke yake ikanyooka. Udhaifu wake ni waya zinazopita chini ya ekseli, mahali ambapo mawe yanarushwa kutwa.

Kwa karavani ya chini ya tani mbili mimi nachagua za kusukumwa, kwa sharti kwamba dereva ajue kushuka. Salgaa, Kitonga, mteremko wa Mai Mahiu: teremka na gia ndogo tangu juu kabisa. Ukitegemea pedali, breki za gari na za trela zinapata joto mteremko mzima, na karibu na chini zinakuwa hazishiki tena.

Kuhusu ndoano, Waustralia wana viungio vinavyozunguka pande zote, DO35 kikiwa maarufu, vinavyoruhusu gari na karavani kulala upande tofauti kwenye makorongo. Ni vizuri kweli. Lakini njia ya kwenda kambini kwenye hifadhi zetu si korongo la mashindano, na mpira wa milimita 50 unapatikana kila mahali. Ukinunua karavani yenye kiungio cha aina yake, beba na kichwa cha kawaida cha mpira, pamoja na boliti zake.

Usiku ni habari nyingine

Hema la juu linasifiwa kwa usalama, na ni kweli fisi hapandi ngazi. Tatizo ni wewe kushuka. Saa nane usiku, kibofu kimejaa, chini kunasikika kitu kinatafuna majani. Kijana atavumilia mpaka alfajiri au atatumia chupa. Mzee wa miaka 65 mwenye magoti mabovu hataki hata kusikia habari ya ngazi, na mtoto wa miaka mitatu hupaswi kumlaza kule bila kumfungia wavu.

Halafu upepo. Kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana ndiko walikojenga mitambo 365 ya umeme wa upepo, megawati 310, na hawakuichagua sehemu hiyo kwa mandhari. Ukipiga hema la juu Loiyangalani turubai linapigapiga usiku kucha, fito zinalia, na gari zima linatikisika. Geuza pua ya gari ielekee upepo, funga kila kamba, na bado usitegemee usingizi. Trela ya kambi yenye hema kubwa iko hapohapo au pabaya zaidi. Karavani ya kuta ngumu unafunga dirisha, unalala.

Ukingo wa Ngorongoro, juu ya mita 2,000, baridi inakufundisha jambo lile lile kwa njia nyingine. Asubuhi ndani ya hema kuna umande, na kulikunja likiwa bichi ni kulipeleka kwenye ukungu. Karavani hapo inang'ara. Isipokuwa kwamba chini kreta hakuna kupiga kambi, na nyumba yako ya kuvuta itabaki juu wakati gari linateremka. Hii ndiyo faida kuu ya kitu cha kuvutwa: kinabaki kambini, gari linakwenda kuangalia wanyama likiwa jepesi, na ukikutana na tembo mwenye hasira kwenye njia nyembamba unaweza kurudi nyuma haraka. Ukiwa na trela nyuma yako, jaribu kurudi nyuma kwa haraka uone inavyokunjika.

Kinachobaki kambini lakini kina wageni wake. Nyani na tumbili wanajua zipu. Wanajua pia kwamba turubai linapasuka. Trela ya kambi iliyoachwa wazi na mkate ndani ni hasara ya hakika, na matunda usiku yanaita tembo. Karavani unafunga kwa ufunguo.

Joto ni sehemu ambayo karavani inashindwa. Boksi la alumini lililopigwa na jua la Lodwar kutwa linabaki na joto hadi usiku wa manane, wakati hema limeshapoa tangu magharibi. Kuta ziwe na sponji nene ndani, na madirisha makubwa yenye wavu pande mbili zinazotazamana. Wavu uwe wa matundu madogo, mzima, maana mbung'o wa Katavi hawana subira.

Na vumbi. Karavani inayopita changarawe inavuta vumbi ndani kupitia kila upenyo wa nyuma, kwa sababu mwendo unaacha hewa nyepesi nyuma yake. Waundaji wazuri huweka tundu lenye kichujio juu ya paa, mdomo umeelekea mbele, linaloingiza hewa ndani ukiwa unaendesha. Shinikizo la ndani linazidi la nje na vumbi halipati njia. Ukiuliza kuhusu hili na muuzaji akakuangalia tu, umepata jibu.

Maji, gesi na umeme

Lita 100 za maji zinatosha watu wanne siku nne hivi kama hakuna anayeoga kama yuko mjini. Tangi liwe na bamba la chuma chini yake, na bomba zisining'inie. Ila ubora wa maji ni muhimu kuliko wingi. Maeneo mengi ya Bonde la Ufa, Arusha na Meru zikiwemo, yana maji yenye madini ya floraidi kupita kiasi, na kichujio cha kawaida cha mkaa hakiyaondoi. Jaza tangi mahali unapopajua, usijaze kwa sababu tu bomba liko karibu.

Gesi inawaumbua wengi wanaoleta karavani kutoka nje. Sanduku la mitungi limepimwa kwa mitungi ya kwao. Huku Tanzania mitungi ya nyumbani ni ya kilo 6 na 15, Kenya ni 6 na 13, na vichwa vyake havifanani na vya Afrika Kusini. Kabla ya kulipa, pima sanduku kwa futi: mtungi wa kilo 6 au 15 unaingia? Regaleta ya hapa inabadilishika? Nani atakujazia mtungi wa kigeni Mpanda?

Umeme sasa ni rahisi kuliko zamani. Betri moja ya lithiamu ya 100Ah inatoa karibu kilowati-saa 1.2 na ina uzito wa chini ya nusu ya betri ya asidi yenye namba ile ile, ambayo hata hivyo hutakiwi kuimaliza chini ya nusu. Friji ya kompresa ya volti 12 inatosheka na hiyo kwa siku nzima na zaidi. Friji za njia tatu, zinazotumia gesi, hazipendi joto kali wala kuegemea upande, na huku zitapata vyote viwili. Paneli zilizofungwa kwenye paa zina kasoro moja: utaegesha chini ya mti kila mara. Uwe na paneli ya kukunja na waya wa mita 10.

Nani achukue kipi

Wawili, vijana, safari ya siku chache chache na kuhama kila siku: hema la juu, na pesa iliyobaki itie kwenye matairi na springi za gari. Kama bado unasitasita, kodi kwanza. Arusha, Nairobi na Kampala kuna wanaokodisha magari yenye mahema tayari, na wiki moja kwenye ngazi itakuambia mengi.

Familia yenye watoto wakubwa, bajeti ya kawaida, mnakaa siku tatu nne mahali pamoja: trela ya kambi. Hii sioni sababu ya kuiagiza. Gereji zinazojenga mabodi ya magari ya safari Arusha na Nairobi zinaweza kukuundia, ukisimamia mambo matatu: shokapu ziwepo, breki ziwepo, na chuma kisizidishwe. Mafundi wetu wanaamini kwamba unene ndio uimara, na trela yenye kilo 900 tupu imeshakula mzigo wako.

Wazazi wenye watoto wadogo, wastaafu, au mtu anayefanya kazi akiwa porini wiki kadhaa: karavani ndogo ya Afrika Kusini yenye springi za bapa. Kwangu hii ndiyo inayostahili jina la karavani ya porini huku. Kubwa ya Australia namwachia anayetaka kuishi ndani yake miezi sita, ana gari la turbo, na yuko radhi kuiacha lango la hifadhi na kuingia na hema dogo.

Ukishaamua kununua

Karavani ya Afrika Kusini inaweza kuja kwa barabara, na tangu daraja la Kazungula lilipofunguliwa mwaka 2021 safari ya Botswana hadi Zambia haina tena kusubiri kivuko. Inaingilia Tunduma. Mtanzania ana nafuu ambayo Mkenya hana: Tanzania iko SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, hivyo kitu kilichotengenezwa Afrika Kusini kikija na cheti cha uasilia cha SADC kinastahili ushuru wa upendeleo. Cheti kinatolewa huko huko kabla hakijaondoka. Ukikumbuka ukiwa mpakani umechelewa. Karavani ziko kwenye fungu la ushuru 8716.10, mwambie wakala wako wa forodha alitumie hilo, asiitie kwenye trela za mizigo. VAT inabaki pale pale, asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya.

Usidanganyike na karavani za mitumba za Ulaya bara. Wao wanaendesha kulia, kwa hiyo mlango uko upande wa kulia. Huku utafungukia kwenye malori. Za Uingereza mlango uko sawa, lakini mwili wake ni mbao nyembamba na gundi, umejengewa lami.

Ukienda kukagua ya mtumba, nenda mchana, na ovaroli. Lala chini yake. Angalia mahali mkono wa mbele unapoungana na chesisi, kisha kila kiungo kinachoshika springi: ufa unaanza kama uzi mwembamba wa kutu kando ya sehemu iliyochomelewa. Rangi mpya nyeusi sehemu hiyo tu, kwingine kote ikiwa ya zamani, ina maana kuna aliyetangulia na mashine ya kuchomelea. Fuata bomba la gesi na waya za breki kwa mkono. Ndani, bonyeza sakafu kwenye pembe na chini ya dirisha. Ikibonyea, maji yameshaingia. Fungua kila kabati na unuse. Michirizi ya vumbi ndani ya kabati inakuonyesha tundu liko wapi. Kwenye ubavu wa tairi soma namba nne za mwisho: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018, na tairi la karavani huzeeka likiwa limesimama, hata kama vipande vyake bado virefu.

Kisha omba kuivuta. Kilomita 20 za changarawe zinatosha kama mwenye mali ni mkweli, na asiyekubali anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Ukisimama, gusa kitovu cha kila gurudumu. Vuguvugu ni sawa. Kimoja kikiwa cha moto kuliko mwenzake, beringi imechoka au breki inang'ang'ania, nanyi mna la kuzungumza kwenye bei. Pandisha jeki, shika gurudumu juu na chini, litikise.

Bima ya gari haimaanishi trela imo. Itajwe kwa namba yake, na kama unavuka mpaka hakikisha imeandikwa pia kwenye kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya kuvukia mipaka, inayotambulika Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Kongo na Zambia lakini si Botswana wala Afrika Kusini. Na kabla ya pesa yoyote kutoka, chukua tambara, futa grisi kwenye chesisi mpaka namba iliyogongwa kwenye chuma isomeke, uilinganishe na ya kwenye kadi ya usajili tarakimu kwa tarakimu. Ikipishana hata moja, usiache hata malipo ya awali.